Mwache Asimulie Mwenyewe: Mbinu za Kuandika Riwaya ya Mapenzi na Uponyaji katika Mji Mdogo

Katika miji midogo ya Nkubu, Chuka au Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mtu akipatwa na balaa, habari humtangulia sokoni. Akifika kununua nyanya, mama mboga ameshajua. Akipanda boda boda, kijana anamwendesha taratibu kuliko kawaida na kukataa nauli. Kanisani, wanaomkaribia hupunguza sauti. Wote wanamtakia heri. Lakini wiki ikiisha, hadithi ya maisha yake imesimuliwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Hapo ndipo riwaya ya mapenzi ya mji mdogo inapoanzia. Wengi hudhani kazi yake ni kumletea aliyeumia mpenzi mwema, kisha mapenzi yamponye. Mimi naamini kazi yake ni kumrudishia mtu hadithi yake, aisimulie kwa kinywa chake, kwa wakati wake, kwa mtu aliyemchagua. Mapenzi humpa mahali salama pa kufanyia hivyo. Ukilishika hilo, utajua sura gani ibaki na ipi ifutwe.

Aina hii ya riwaya ina wasomaji wengi duniani. Robyn Carr wa Marekani alipotoa Virgin River mwaka 2007, alimpeleka muuguzi mjane katika kijiji cha milimani, akakutana na mwanajeshi mstaafu mwenye majeraha yake ya vita. Tangu 2019 hadithi hiyo ni tamthilia ya televisheni. Sisi nasi tuna mizizi yetu. Katika Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, Mwangeka anapoteza mke na mtoto katika moto wa chuki za uchaguzi, kisha anaoana na Apondi, mjane. Naye Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, aliandika tamthilia ya Natala (1997) kuhusu mwanamke anayesukumwa arithiwe na shemeji na akakataa. Ardhi ya kupanda tunayo. Zifuatazo ni mbinu za kuilima.

1. Chagua jeraha moja, ulijue vizuri

Mwandishi anayeanza hupenda kurundika. Mhusika wake amefiwa, amebakwa, amefukuzwa shambani na ana saratani, yote kabla ya sura ya tatu. Msomaji akizidiwa huacha kuhisi. Chagua jeraha moja, kisha ujiulize limeacha nini mwilini mwa huyu mtu, limeacha nini mfukoni mwake, na limelifanya nini jina lake mtaani.

Barabara ya Embu hadi Meru hukata mito mingi inayoshuka kutoka Mlima Kenya, ndiyo maana ina mabonde na kona kali. Kati ya Chuka na Nkubu liko Daraja la Nithi. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Pwani lilitumbukia bondeni hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza pale. Mhusika aliyefiwa pahali kama hapo hawezi kuukwepa msiba wake, kwa kuwa barabara ni ile ile. Akienda kuwaona jamaa, anapita juu yake.

Jeraha jingine lina sura tofauti. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu na katika kaunti nyingine, na baadhi ya walionusurika wakapofuka. Mjane wa ajali hupewa pole. Mjane wa pombe hupewa pole yenye swali ndani yake: kwani hukumkataza? Huzuni iliyochanganyika na aibu huandikwa kwa namna yake, maana anayeibeba hata kulia huogopa.

Na kuna majeraha yasiyo na kaburi. Juni 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, familia za Igembe na Tigania zilizotegemea soko hilo zilipata pigo. Mwanamume aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa watu wa maana mjini Maua, kisha akaanza kujificha wanaomdai, naye ameumia. Anaweza kupendwa, akashindwa kuamini kwamba anapendwa.

2. Chora ramani ya wanaojua

Riwaya ya mji mkubwa hupata taharuki kutokana na watu wasiojuana. Ya mji mdogo huipata kutokana na watu wanaojuana mno. Kwa hiyo kabla hujaandika sura ya kwanza, chukua karatasi, uigawe mara tatu: anayejua ukweli wote, anayejua nusu, na anayejua uongo.

Tuchukue mfano tutakaotembea nao hadi mwisho. Kagendo ni fundi wa cherehani Nkubu, hushona sare za shule. Mumewe alifia katika ajali barabarani, na Kagendo hajui alikuwa akienda wapi siku ile. Nyaga ni fundi wa mitambo kutoka Embu, ameitwa kutengeneza mashine ya kumenya kahawa kiwandani kabla ya mavuno makubwa ya Oktoba.

Sasa jaza karatasi. Katibu wa kamati ya mazishi anajua nani alichanga ngapi na nani alichelewa. Karani wa kiwanda anajua kwamba marehemu alichukua bonasi yote siku moja kabla ya safari. Mama mkwe anajua safari ilikuwa ya nini, na amenyamaza. Mama mboga anajua uongo, na ndiye anayesikilizwa zaidi. Kagendo, mwenye hadithi, ndiye anayejua machache kuliko wote.

Ramani hiyo ikikamilika, nusu ya msuko umeshaupata. Kila mtu anayeingia katika kibanda cha Kagendo kupimwa nguo anaingia na kitu anachokijua. Maongezi ya kawaida kabisa kuhusu urefu wa sketi yatakuwa na uzito.

3. Onyesha mwili kabla ya maneno

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo ina somo zima la kuandika kiwewe. Haikutaja hofu wala kumbukumbu. Imetaja ung'ongo na mtu anayeruka.

Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Kagendo alijawa na kiwewe. Kumbukumbu chungu zilimrudia." Msomaji ameambiwa, hajaona chochote. Linganisha na hii:

Matatu ilipokaribia mteremko, Kagendo alihamisha mkoba kutoka pajani hadi kifuani. Alianza kuhesabu: madirisha, vichwa vya abiria, vifungo vya koti lake. Alipofika kumi na tatu, dereva alipunguza gia, injini ikaguna. Mkono wake ukaenda mlangoni kabla hajauamuru.

"Nishukishe," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama, hapa si steji," kondakta akajibu.

Nyaga, aliyeketi nyuma yake, aligonga paa mara mbili. "Dere, simama kidogo. Nimebanwa."

Abiria wakacheka. Matatu ikasimama. Nyaga alishuka, akasogea hadi kwenye migomba kando ya barabara, akasimama huko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na hakugeuka hata mara moja kumtazama yule mwanamke aliyeshuka baada yake.

Neno kiwewe halimo, wala neno mapenzi. Lakini angalia Nyaga amefanya nini. Ameichukua aibu akajivika yeye, mbele ya watu kumi na wanne ambao jioni hiyo wangeieneza hadi Meru. Katika mji ambao kila jambo husimuliwa, mwanamume amelinda jambo la mwanamke bila hata kulijua. Msomaji atampenda Nyaga kabla Kagendo hajampenda, na ndivyo inavyotakiwa.

Fanya hivyo kwa kila jeraha. Tafuta kitu kimoja ambacho mwili hukifanya wenyewe: kuhesabu, kukagua kufuli mara tatu, kuketi ukiutazama mlango. Kitaje mapema, kirudie katikati, kisha kibadilike kidogo mwishoni. Badiliko hilo dogo litamwambia msomaji mengi kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

4. Mpenzi si daktari

Hapa ndipo riwaya nyingi huanguka. Mpenzi anakuja, anasema maneno matamu, wanakumbatiana mvuani, kesho yake jinamizi limekoma. Msomaji aliyewahi kuumia anajua si kweli, na atakifunga kitabu akijiona ana kasoro kwa kuwa yeye bado haoti ndoto njema. Usimfanyie hivyo.

Mpe mpenzi kazi anayoiweza binadamu. Aulize kabla ya kugusa. Aondoke akiambiwa ondoka, na arudi siku aliyosema atarudi. Awe na maisha yake: mama mgonjwa Embu, deni, kushindwa kwake mwenyewe. Wivu usiuite mapenzi, wala kumvuta mtu mkono usikuite ujasiri. Kwa aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili au maisha yake, kupewa nafasi ya kusema ndiyo au la ndicho kitendo cha mahaba kilicho kikubwa kuliko vyote. Kimya chake kisihesabiwe kuwa ridhaa.

Utamu wa kitabu utatoka katika mambo madogo ya pale pale. Nyaga anarudi kutoka mjini Meru na bobini ya uzi wa rangi ile ile ya sare iliyomwishia Kagendo, na hamwambii alizunguka maduka mangapi. Wakitembea, anahamia upande utakaomwachia Kagendo kuyaona magari yanayokuja. Haelezi kwa nini. Kagendo anagundua baada ya wiki tatu.

Tumia pia namna watu wanavyoitana. Nkubu, wateja humwita Kagendo "Mama Mwenda" kwa heshima, kwa jina la mwanawe. Mama mkwe humwita hivyo hivyo. Baada ya msiba wamemwongezea jina jingine asipokuwapo: mjane wa fulani. Yeye humwita Nyaga "fundi", naye Nyaga humwita "fundi" pia, kwani wote ni mafundi. Halafu siku moja Nyaga anauliza, "Na wewe, jina lako mwenyewe ni nani?" Muda mrefu hakuna aliyemuuliza. Ukiipanga vizuri, siku atakayolitamka jina Kagendo kwa mara ya kwanza itamgusa msomaji kuliko busu.

5. Panga sura kwa mwendo wa uponyaji

Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe kuna hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kuungana tena na watu. Mwandishi wa riwaya atafaidika akizifuata.

Tuseme una sura 24. Nane za kwanza ziwe za usalama. Kagendo anapata kibanda chenye mlango unaofungika, anapata usingizi wa saa nne, anajua Nyaga si mtu wa kuropoka. Usimlazimishe kueleza lolote. Mwandishi anayemfanya mhusika alie na kufunguka katika sura ya pili amefanya kosa lile lile la mama mboga.

Sura ya 9 hadi ya 17 ziwe za kukumbuka. Hapa ndipo mbinu rejeshi inapofaa, lakini igawe vipande. Kumbukumbu ya kiwewe haiji kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Huja kama harufu ya breki, kiatu kimoja, wimbo uliokuwa redioni. Mpe msomaji kipande kwa kipande, na kila kipande kiletwe na kitu kilichopo: kitambaa, mvua, sauti ya gia.

Hapo kati weka kuanguka. Mimi ningeweka Julai. Kwenye miteremko ya mlima, Julai ni mwezi wa baridi na ukungu, nguo hazikauki, na ndio mwezi wa kumbukumbu ya ajali. Kamati inataka ibada kubwa, mahema, vipaza sauti, wanasiasa wapewe nafasi ya kusema. Watu wema wanajiandaa kusimulia hadithi ya Kagendo tena. Anafunga kibanda, hampokei hata Nyaga. Msomaji atakasirika, atadhani yote yameharibika. Mwache akasirike. Kidonda huwasha kikianza kufunga.

Sura za mwisho ni za kurudi kwa watu, na watu hao wasiwe mpenzi peke yake.

6. Mzungushie mhusika wako watu na taasisi za kweli

Mpe bibi. Bibi wa miaka themanini na zaidi leo alikuwa msichana wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Mwaka 1956 wazee wa baraza la Njuri Ncheke walipiga marufuku kutahiriwa kwa wasichana, na wasichana wengi wa Meru wakaukaidi uamuzi huo kwa kujikata wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Bibi aliyepitia hayo ana kimya cha karibu miaka sabini. Akiamua kukivunja usiku mmoja jikoni, wakimenya viazi vya mukimo, hatakuwa akitoa mawaidha. Atakuwa anamwonyesha Kagendo kwamba jambo laweza kusemwa na paa lisianguke.

Kama jeraha ulilolichagua ni la ukatili, kumbuka kwamba mapenzi hayachukui nafasi ya haki. Mhusika aliyebakwa anahitaji kufika hospitali kabla ya saa 72 kuisha ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Anahitaji fomu ya polisi ya P3 ijazwe. Anahitaji afisa asiyemfukuza. Andika foleni hiyo, benchi hilo, muuguzi anayefunga pazia bila kuombwa. Meru ina historia katika jambo hili. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikuwa wamewakosea wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Inajulikana kama kesi ya wasichana 160. Watoto walisema, na mahakama ikasikia. Riwaya yako inaweza kuishi chini ya mwanga huo.

7. Sikiliza lugha ya mahali

Watu wako wanaongea Kimeru, Kiembu au Kimbeere nyumbani, Kiswahili sokoni, na vijana huchanganya Sheng. Usimpe bibi wa Mbeere Kiswahili cha mshairi wa Lamu. Mpe sentensi fupi, zenye mambo ya shamba. Neno la lugha ya mama litumie ukilijua kwa hakika tu, na liache lijieleze ndani ya sentensi.

Majina yana kazi pia. Msomaji wa huko akisikia Kagendo, Makena au Kinya anajua ni Meru. Akisikia Wawira, Nyaga au Ireri, mawazo yanaenda Embu. Kagendo ni jina la safari, na amepewa mwanamke anayeogopa barabara. Usilieleze hilo mara tatu. Litaje mara moja, kupitia kinywa cha bibi.

Mandhari nayo iwe ya pale: miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba ikikimbizwa na magari kutoka Maua, muguka wa Mbeere, chai ya juu na kahawa ya chini, soko la Gakoromone mjini Meru, Mto Rupingazi ukifurika Aprili. Nazi na vibaraza viachie Pwani.

8. Walinde walio hai

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Tigania, wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Walionusurika leo ni wanawake wa makamo. Ni majirani, ni wazazi wa watu tunaosoma nao. Usichukue usiku wao ukaugeuza mandhari ya mapenzi. Mambo ya aina hii hutajwa kwa heshima, kama historia, au huachwa.

Ukitumia tukio linalofanana na la mtu unayemjua, badilisha kazi yake, idadi ya watoto wake na namna mambo yalivyotokea, kisha ujiulize kama jirani yake atamtambua. Akitambulika, badilisha tena. Mtafute msomaji aliyepitia msiba kama huo, mlipe kwa muda wake, na umruhusu kusema hapana. Aseme wapi umedanganya. Nawe mwenyewe, ukiona kuandika kunafumua kidonda chako, simama. Mswada utakungoja. Kwa ukatili wa kijinsia, nambari 1195 hupigwa bila malipo usiku na mchana.

9. Mwisho uwe wake

Harusi si lazima. Ikiwepo, isiwe ushahidi kwamba amepona. Tafuta tendo dogo ambalo mwanzoni lilikuwa haliwezekani.

Dada yake Kagendo aliolewa Runyenjes na amejifungua. Mtoto ameshaanza kutambaa na Kagendo hajamwona. Katika sura ya mwisho anapanda matatu. Mteremko unafika, mkoba unahamia kifuani, anaanza kuhesabu. Anafika kumi na tatu. Injini inaguna. Anasema kumi na nne. Kumi na tano. Anaendelea kuhesabu mpaka ng'ambo.

Runyenjes, wakwe wa dada wamejaa sebuleni. Mama mmoja anamwinamia mwenzake, kwa huruma ya kweli, na kuanza kunong'ona: "Huyu ndiye yule ambaye mume wake..."

Kagendo anaweka kikombe cha chai chini. "Mama, samahani," anasema. "Naitwa Kagendo. Ngoja niwaeleze mwenyewe."

Nyaga yuko nje uani na mtoto begani, na hasikii. Asisikie. Yeye alishasimuliwa. Sasa ni zamu ya mji, na sentensi inayofuata si yako tena kuiandika.